Mwenye Ugonjwa wa Sukari Asijifiche



Mara nyingi ukurasa huu unasema juu ya kofia, mabuti, na mbao za kushikilia mwamba. Leo unasema juu ya hatari ambayo mtu anashuka nayo shimoni ndani ya mwili wake mwenyewe, na mwenzake anayechimba kando yake hana habari.

Nilipokuwa infirmiye kijana, katika mgodi ambao sitautaja jina, nililetewa mtu mmoja saa nne ya asubuhi. Kapita wake alisema: "Huyu amelewa." Ni kweli alikuwa anayumba. Maneno yake hayakueleweka, alikuwa amemtukana kapita mbele ya watu, na jasho lilimtoka kama mtu aliyenyeshewa mvua. Barua ya kumfukuza kazi ilikuwa imekwisha kuanza kuandikwa. Mimi nami, nakiri, nilimnusa mdomo kwanza kabla ya kumpima. Hakunuka pombe. Kijana mmoja aliyelala naye chumba kimoja ndiye aliyesema kwa sauti ya chini: "Huyu hujichoma sindano kila asubuhi. Alinikataza nisiseme." Tulimpa maji ya sukari. Baada ya robo saa alikaa vizuri, akauliza kofia yake iko wapi.

Alikuwa amejichoma dawa alfajiri, akakosa kula kwa kuwa gari la wafanyakazi lilikuwa linaondoka, akashuka kazini tumbo tupu. Miaka miwili alikuwa ameficha ugonjwa wake kwa kuogopa kufukuzwa. Na siri hiyo ndiyo iliyotaka kumfukuzisha, kama si kumwua.

UGONJWA WENYEWE NI NINI?

Bugali, ndizi, viazi na mchele tunavyokula vinageuka sukari tumboni, na damu inaichukua kuipeleka kila mahali mwilini ili iwe nguvu ya kazi. Lakini sukari haiingii yenyewe ndani ya nyama ya mwili. Inafunguliwa mlango na insulini, ambayo inatengenezwa na kongosho, kiungo kilicholala nyuma ya tumbo. Insulini ikikosekana, au ikiwepo lakini mwili ukawa hauisikii, sukari inabaki ndani ya damu. Ni kama posho iliyofika kambini: magunia yamejaa barazani, lakini mwenye ufunguo wa depo hayupo. Watu wana njaa, na chakula wanakiona.

Kwa hiyo mgonjwa anakula na bado anakonda. Anakunywa maji bila kukata kiu, anaamka usiku mara nyingi kukojoa, anachoka kazi ikiwa bado mbichi, anaona ukungu machoni, na kidonda kidogo kinakataa kupona. Mtu mwenye dalili hizo asingoje. Apimwe damu. Asubuhi kabla ya kula, kipimo cha miligramu 126 au zaidi katika desilita ya damu, kikirudiwa siku nyingine na kutoa jibu lile lile, ni ugonjwa wa sukari. Kipimo cha 200 au zaidi saa yoyote, pamoja na dalili hizo, hakihitaji kubishaniwa.

Kuna wanaosema huu ni ugonjwa wa wakubwa wenye vitambi. Hapana. Unampata mtoto mdogo, ambaye kongosho lake limeacha kabisa kutengeneza insulini. Unampata mtu mzima, mnene au mwembamba. Unaweza kumpata mama mwenye mimba. Na mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Ugonjwa wa Sukari (IDF) lilitambua rasmi aina nyingine, iliyoitwa aina ya tano, ambayo inawashika watu wembamba, hasa vijana, ambao miili yao ilikosa chakula cha kutosha tangu utotoni. Sisi tulioona watoto wakikulia katika kukimbia vita hatuna sababu ya kucheka na kusema hii si ya kwetu.

"AMELISHWA KARUHO"

Kashebere iko kwenye njia itokayo Masisi na Nyabiondo kuelekea Walikale, pale teritware hizo mbili zinapokutana. Mahali pa njia habari hazilali. Mtu akianza kukonda, kabla hajafika kituo cha afya mtaa wote umekwisha kutoa hukumu: amelishwa karuho. Jirani fulani anatazamwa kwa jicho baya. Mgonjwa anapelekwa kwa mwenye dawa za kutapisha, anatapishwa siku tatu, anazidi kukauka, na sukari inapanda tu. Wengine wanampeleka katika chumba cha maombi na kumfungisha. Maombi hatuyakatazi. Tunakataza kumnyima dawa mtu anayeombewa.

Kwa mtoto jambo hili ni la siku, si la miezi. Mtoto aliyekosa insulini kabisa anaanza kutapika, anapumua kwa nguvu na haraka, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva mno, kisha anasinzia na haamki. Zamani ilikuwa hivyo kwa wote, hata huko Ulaya na Marekani. Insulini iligunduliwa mwaka 1921 huko Toronto, nchini Kanada, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kuchomwa. Alikuwa amebaki mifupa. Aliishi miaka 13 zaidi. Basi ukimwona mtoto anayekunywa maji kama ng'ombe na kukojoa kitandani wakati alikuwa amekwisha kuacha, usimtafute mchawi. Tafuta kipimo, na siku ile ile.

WANAOPASWA KUJUA

Mfanyakazi mwenye ugonjwa huu atauliza: nikisema, nitapoteza kazi? Tunamjibu hivi. Mwenye sukari anayefuata dawa anaweza kufanya kazi nyingi sana za mgodi. Ziko chache asizopaswa kupewa mpaka hali yake itulie: kuendesha lori, kushika mashine ya kupandisha watu au mizigo, kukaa peke yake mahali asipoonekana. Lakini mganga wa kampuni hawezi kuomba ubadilishiwe kazi kwa ugonjwa asioujua.

Watu wanne wanatosha. Mganga wa kampuni, kapita wako, mwenzako wa zamu, na mtu wa nyumbani mwako. Hao wajue jambo moja kuliko mengine yote: sukari kushuka ghafula. Hilo linawapata wanaotumia insulini, na wanaomeza vidonge vya glibenklamidi, wakichelewa kula au wakifanya kazi nzito kuliko desturi. Anayemeza metformini peke yake ni mara chache. Sukari ikishuka chini ya 70, mtu anatetemeka, anatoka jasho baridi, moyo unamwenda mbio, ana njaa kali, anakuwa mkali bila sababu, anasema ovyo.

Hapo usianze kuuliza maswali. Kama bado anameza, mpe vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari ndani ya maji, au nusu ya chupa ndogo ya Fanta. Ngoja dakika 15. Akiwa bado, mpe tena. Akiisha kupata nafuu, ale chakula cha kweli, ndizi au bugali, maana sukari ya maji haikai. Kama amezimia, usimimine kitu kinywani, atapaliwa. Mlaze ubavu, mwite mganga, na asiachwe peke yake hata dakika moja.

Ninyi makapita, tunawaomba kwa heshima: mtu wa jasho na maneno yasiyoeleweka apewe sukari kwanza, barua itafuata baadaye. Akiwa kweli alikuwa amelewa, sukari hiyo haitawadhuru ninyi wala kampuni. Na mwenye ugonjwa awe na vipande vya sukari mfukoni, katika mfuko wa plastiki uliofungwa, maana shimoni kila kitu kinalowa. Asivile kwa uchu, ni dawa.

Neno juu ya pombe. Kanyanga au kasiksi ikiingia tumbo tupu inazuia ini kutoa akiba yake ya sukari, na mtu anaweza kushuka usiku akiwa usingizini, huku watu wa nyumbani wakidhani anakoroma kwa ulevi.

WATU WATANO WANATOSHA

Mwaka 1926, huko Lisbon, Ureno, mganga Ernesto Roma alianzisha chama cha kuwalinda wagonjwa maskini wa sukari. Insulini ilikuwepo, lakini maskini hawakuweza kuinunua, na hawakujua kujitunza. Ndicho chama cha wagonjwa wa sukari kikongwe kuliko vyote duniani, na kipo hadi leo. Huko London, mwaka 1934, mganga R. D. Lawrence na mwandishi H. G. Wells walianzisha chao. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa sukari. Walikuwa watu wenye jina, na hawakuona haya kulitangaza jambo hilo.

Sisi hatuhitaji ofisi wala mhuri. Kashebere na vijiji vya jirani wakipatikana watu watano wenye ugonjwa huu, hicho ni kikundi. Likirimba tunaijua, AVEC tunazijua. Akina mama wa kwetu wanazisimamia vizuri kuliko wengi wetu wenye mishahara. Fedha kidogo ya kila juma inaweza kumtuma mtu mmoja anayeshuka Goma kununua vijikaratasi vya kupimia vya watu wote, badala ya kila mmoja kulipa pikipiki yake. Mashine moja ya kupima inaweza kutumika na kikundi kizima, ikipanguswa kwa dawa ya kuua vijidudu baada ya kila mtu. Lakini kijisindano cha kutobolea kidole, na sindano ya insulini, ni vya mtu mmoja tu. Mume asitumie ya mkewe. Homa ya ini na UKIMWI vinapitia hapo.

Faida kubwa, kwa maoni yangu, wala si fedha. Mtu aliyepata ugonjwa jana anaogopa sindano, anaogopa macho ya watu, anafikiri kesho atakatwa mguu. Mganga atamweleza kwa nusu saa, kisha foleni inamngoja nje. Lakini mama wa jirani ambaye amejichoma miaka kumi, na bado analima shamba lake, akimwambia "chomea hapa kwenye mafuta ya tumbo, kesho chomea kando kidogo, hutasikia kitu," maneno hayo yanaingia. Na asipoonekana siku ya mkutano, kuna mtu wa kwenda kubisha mlangoni. Wagonjwa wengi wanaacha dawa siku wanapojisikia vizuri. Aliye peke yake hakuna wa kumgombeza.

Hata katikati ya vita haiwi kazi bure. Katika teritware ya Masisi, kwenye hospitali ya Mweso, Wizara ya Afya pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) waliwatunza wagonjwa wa sukari miaka ya 2014 na 2015, na utafiti juu ya kazi hiyo ulichapishwa mwaka 2019. Wagonjwa walikuwa wakulima na watu waliokimbia makwao, si matajiri wa mjini.

JIKONI

Mama asipike vyungu viwili. Chakula cha mwenye sukari kinafaa nyumba nzima: sombe, lenga-lenga, maharagi, samaki, mayai ukipata. Bugali wa mihogo haukatazwi, unapunguzwa. Tonge la bugali liwe dogo na mboga ziwe nyingi, si kinyume kama tulivyozoea. Ndizi za kupika na viazi vihesabiwe pamoja na bugali, maana vyote ni ndugu. Asile vyote vitatu kwa mlo mmoja akidhani amebadilisha. Chai ya vijiko vitano na Fanta za sherehe ndizo za kuaga. Na ale kwa saa zake, hasa kabla ya kazi.

INSULINI BILA FRIGO

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8, lakini isigande, iliyoganda itupwe. Nyumba zetu nyingi hazina frigo, na wagonjwa walikuwa wakilazimishwa kutembea kila siku hadi kituo cha afya kuchomwa. Basi katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya, MSF na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la ndani ya nyumba za wakimbizi, wakajaribu insulini katika joto linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37 kwa majuma manne. Mwaka 2021 walitangaza matokeo: nguvu ya dawa haikupungua kuliko ile iliyokaa kwenye frigo. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kukaa na dawa yake nyumbani mwezi mmoja na kujichoma mwenyewe.

Njia ya kuipoza ni ya bibi zetu. Weka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, jaza mchanga katikati, mwagia mchanga maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kilicholowa. Chupa ya dawa ikae ndani ya chungu kidogo, katika kopo kavu, mahali pa kivuli penye upepo. Kwetu hewa ina unyevu, kwa hiyo chungu hakipoi sana kama kule kwenye ukavu. Lakini joto letu pia si la Dadaab. Usiiweke karibu na mafiga, wala juu chini ya bati, wala ndani ya gari lililosimama juani. Chupa ikiisha majuma manne tangu kufunguliwa, itupwe hata kama imebaki nusu. Kikundi chenye mwanachama mwenye frigo ya jua kinaweza kuweka akiba ya wote humo.

MIGUU NDANI YA MABUTI

Sukari nyingi ya miaka mingi inaua hisi za miguu. Mchimbaji anaweza kutembea zamu nzima juu ya kijiwe kilichoingia ndani ya buti asisikie kitu, na jioni akikuta damu anasema ni mchubuko tu. Vidonda vya namna hiyo ndivyo vinavyoishia kwenye msumeno wa hospitali. Kabla ya kuvaa, kung'uta buti na ingiza mkono ndani. Soksi ziwe kavu; chukua ya pili kazini. Jioni osha miguu, kausha katikati ya vidole, na mwambie mkeo au mtoto atazame nyayo, maana mwenyewe huzioni. Maji ya moto yapimwe na mtu mwingine kwa kiwiko. Usiote miguu motoni hata kama mvua imekunyeshea njia yote. Funza wakiingia, usiwachokonoe kwa pini. Nenda kwa mganga.

Na ukishikwa na malaria, mkumbushe anayekutibu kwamba una sukari. Homa inapandisha sukari, na kwinini inaweza kuishusha vibaya. Usiache insulini kwa sababu tu hujala vizuri. Nenda upimwe, na mganga ndiye wa kupunguza kipimo.

MFUKO WA KUKIMBILIA

Machi 2025 vita vilifika Walikale, na kazi ya mgodi wa Bisie ilisimamishwa kwa majuma kadhaa. Watu wa njia ya Masisi hawakufundishwa siku hiyo jinsi ya kukimbia, walikwisha kujua. Mwenye shinikizo la damu akisahau vidonge, ana siku za kutafuta vingine. Mtoto wa insulini hana.

Kila nyumba yenye mgonjwa iwe na mfuko mmoja mdogo, unaoning'inia mahali pamoja, ambao mtoto mkubwa pia anaujua. Ndani yake: dawa za mwezi mzima kama zinapatikana, sindano, vijikaratasi, sukari, biskuti, soksi kavu. Chupa ya insulini iliyo kwenye chungu iingizwe wakati wa kutoka. Mtu mmoja apewe kazi hiyo, asiwe mwenye kubeba mtoto mchanga. Wanakikundi wagawane akiba, isikae yote katika nyumba moja, na wakubaliane mapema watakutana kituo gani cha afya wakitawanyika.

Ndani ya mfuko iwemo pia karatasi: jina la mgonjwa, jina la dawa, kipimo cha asubuhi na cha jioni, na kipimo cha mwisho cha damu. Mganga asiyekujua, katika kambi usiyoijua, ataanza kazi papo hapo akiisoma. Iandikwe kwa kalamu isiyofutika na maji na kufungwa ndani ya plastiki mbili, maana mvua ya Walikale tunaijua.